Bila Kushikwa Mkono

Nyumba ya Bibi Sindano iko mwisho wa mtaa, pale lami inapokata tamaa na mlima unapoanza. Imejengwa kwa mawe ya chokaa kama nyumba zote za mji ule. Chini ni chumba cha cherehani, juu ni chumba cha kulala, na kati yake ngazi ya mawe iliyolika kwa nyayo za watu mpaka kila kipandio kimebonyea katikati kama bakuli. Hata maji ya kule yana jiwe ndani yake. Ukichemsha chai leo na kesho, wiki haijaisha birika limeota magamba meupe tumboni, na mwenye birika huyakwangua kwa kijiko huku akiulaumu mlima.

Bibi Sindano hakuulaumu. Mlima ndio uliomlisha. Watu walitoka mbali kuja kutembea kule juu, waone mapango na magenge ya mwamba na mto unaoingia ardhini, na waliporudi walikuwa wamechanika, maana jiwe la kule lina meno. Suruali magotini, koti kwenye kiwiko, mishipi ya mabegi. Walibisha hodi kwake wakiwa wameshika matambara yao kwa aibu, naye alichomoa sindano aliyokuwa akiichomeka kwenye ukosi wa blauzi yake siku zote, ndiyo iliyompa jina, akaanza kazi wakiwa wamesimama. "Mlima unachana, mimi nashona," alikuwa akisema. "Tunaelewana kuliko wengi waliooana."

Sasa ile ngazi ndiyo iliyoleta maneno. Siku moja ya mvua alikuwa akishuka na rundo la nguo kifuani, asione mguu unakwenda wapi, akateleza kipandio cha mwisho na goti likagonga ukuta. Hakuvunjika. Lakini kuinuka hakuweza, akakaa pale chini asubuhi nzima, na simu iko juu mezani, ikilia na kunyamaza, ikilia na kunyamaza, mpaka jirani aliyeleta suruali ya kupunguzwa urefu alipomkuta. Aliyekuwa akipiga ni binti yake wa pekee, msimamizi wa chumba cha kufulia nguo katika hospitali ya mji wa bondeni, mwanamke anayejua kukunja shuka pembe kwa pembe, na mambo ya watu huyakunja vivyo hivyo.

Tangu siku hiyo binti alikuwa na wimbo mmoja: mama ahamie kwake. Chumba kipo, kile ambamo mumewe huweka makopo ya rangi. Nyumba haina ngazi. Maji hayana magamba. Mama alisikiliza yote, akakata uzi kwa meno, akasema atafikiri. Aliyasema hayo mara nyingi mno, mpaka binti akachoka.

"Mama, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu ni langu," mama akajibu, "na mkuu ni mimi."

Mume wa binti, ambaye kazi yake ni kupaka rangi na kila mtu humwita Mpaka Rangi, alicheka, halafu mkewe alipomgeukia akajifanya anakohoa.

Hasira ndiyo iliyozaa shindano. Binti alisema mama anajidanganya, kwamba kwa goti lile hata Jichoni hafiki tena. Jicho ni mahali pa kule mlimani. Kuna mto mdogo unaokuja kwa madaha kutoka vilima vya nyuma, na ukifika juu kwenye mawe unakutana na shimo, unaingia wote, usibaki hata tone. Hapo panaitwa Mdomo. Unapita tumboni mwa mlima, wapi hasa hakuna ajuaye, kisha unatokea upande wa pili chini ya genge, maji ya kijani na baridi ya kuuma meno. Hapo ndipo Jichoni. Marehemu baba yake binti, aliyekuwa mwoka mikate, alikwenda huko kila siku yake ya mapumziko kama wengine waendavyo kwa rafiki.

"Nitafika," mama akasema.

"Haya basi. Uende na urudi kwa miguu yako. Fimbo ruksa, kushikwa mkono marufuku. Ukiweza, sitalitaja tena jambo hili. Ukishikwa mkono hata mara moja, unafunga cherehani unakuja kwangu."

Mama aliuliza nani atakuwa refa. Binti akamtaja mumewe. Mpaka Rangi aliomba aachwe kando, lakini hakuna aliyekuwa akimuuliza. Alikuwa mahali pabaya, masikini. Mama mkwe akishindwa, makopo yake yanakwenda uani kupigwa na jua. Akishinda, mke wake halali usingizi. Aliwaapia wote wawili kwamba hana upande, na wote wawili hawakumsadiki.

Bibi Sindano alijiandaa kimyakimya. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango wa kazi alitembea mpaka kwenye tanuri la zamani la kuchomea chokaa, akaligusa ukuta, akarudi. Goti lilimwambia maneno yake, naye alilijibu kwa mafuta ya moto na kitambaa. Alichokiogopa hakikuwa kuiacha nyumba. Nyumba ni mawe. Alichokiogopa ni kule bondeni, ambako nguo zote zinafuliwa na kukunjwa bila kumsubiri yeye, ambako hakuna mtu angebisha hodi ameshika suruali iliyochanika. Alijua mtu anavyogeuka kuwa mgeni wa kudumu katika nyumba ya mwanawe, anaambiwa kaa, pumzika, usijisumbue, mpaka anasahau mikono ni ya kazi gani. Hayo hakumwambia binti. Angeyasema vipi bila kumwumiza?

Siku ya kwenda ilikuja na jua safi. Walianza mapema, mama mbele na fimbo yake, binti nyuma yake akiyatazama magoti ya mama kama anayetazama maziwa jikoni yasifurike, na refa nyuma ya wote amebeba mikate na chupa ya chai. Njia inapanda kwa bonde kavu. Ni bonde la mto kwa umbo, lina kingo na mapindi, ila maji hayamo; mto ulipita hapo zamani kabla haujajifunza njia ya chini. Ukutani mwa jiwe mna makombe ya baharini, madogo na ya mviringo, yamegeuka jiwe, wala bahari haipo karibu hata kwa kuota. Bibi Sindano kila alipopita aliyagusa kwa kidole. Aliyaita vifungo. Alimwambia mkwe wake kwamba aliyeushona mlima ule alimaliza vifungo vyote hapa, ndiyo maana huko juu umebaki wazi.

Na kweli juu ni wazi. Panaitwa Uwanda, mwamba mtupu mweupe uliolala kama shuka lililoanikwa, umekatwakatwa na nyufa zilizonyooka, nyingine nyembamba za kuingia kiganja, nyingine pana za kumeza mtu. Ukichungulia ndani unaona mimea ya kangaga imejificha humo upepo usiifikie, kijani kibichi ambacho juu hukioni. Udongo hakuna, kwa hiyo alama ya mguu hakuna, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Kwa sababu hiyo mwaka uliopita kamati ya njia iliomba mtu wa kuweka alama, na Mpaka Rangi akajitolea. Kamati haikuwa na rangi, ila kwenye lile tanuri la zamani kulibaki chokaa ya bure. Basi akaikoroga vizuri kwa ufundi wake wote, akapanda Uwandani, akapaka miduara mizuri kutoka mwanzo mpaka mwisho. Chokaa nyeupe, juu ya jiwe la chokaa, jeupe. Siku ile mwamba ulikuwa umelowa na umekuwa wa kijivu, miduara iking'aa kama sahani, naye akashuka akijisifu. Jua lilipoukausha mwamba, hakuna aliyeiona tena. Mji mzima ulicheka, na hata wanakamati walicheka, kana kwamba chokaa haikutoka kwao.

Walipopita hapo asubuhi hiyo mama mkwe alimwuliza kwa adabu zote zile alama ziko wapi. Mkwe akajibu kwamba jua likiinama zinaonekana. Binti akasema labda wamwombe jua apige magoti.

Lakini binti mwenyewe alivuka Uwanda kwa namna yake. Hakuangalia chini. Kila ufa aliuruka akiwa anatazama mbele, midomo ameibana. Mama alijua sababu. Binti alipokuwa mdogo, amevaa viatu vipya vyekundu, kimoja kilimtoka pale pale na kutumbukia. Walikisikia kikigonga, kikagonga tena mbali zaidi, kisha kimya. Hawakusikia kikifika. Mtoto alilia kilio cha kuogofya, si kwa ajili ya kiatu bali kwa ajili ya ule ukimya, na baba yake akamwambia kwamba huko chini kuna mto, na kile kinachomezwa na mlima hutapikwa Jichoni; watakwenda kukitazamia. Walikwenda, siku moja ya mapumziko baada ya nyingine. Waliporudi jioni Bibi Sindano, akiwa kwenye cherehani, aliwauliza bila kuinua kichwa: Bado? Wakajibu kwa pamoja: Bado. Mguu ule ukakua, ukapita saizi ya kiatu, wao waliendelea kwenda.

Waliupita Mdomo ukinguruma, wakashuka upande wa pili taratibu, na kabla jua halijafika utosini wakawa Jichoni. Bibi Sindano aliketi juu ya jiwe na kunyoosha mguu. Goti lilikuwa limevimba, akalifunika kwa khanga kabla refa hajaangalia. Binti alienda mpaka ukingo wa maji, akainama, akayatazama mawe madogo ya chini moja moja. Alifanya hivyo bila kujijua, kama mtu anayepapasa mfuko kutafuta funguo.

"Bado?" mama akauliza.

Binti aligeuka. Ilimchukua muda kuelewa alichokuwa akikifanya, kisha akacheka kicheko ambacho mama hakuwa amekisikia tangu siku ya ngazi.

"Bado," akasema.

Wakala mikate yao. Mpaka Rangi akatangaza kwamba mpaka sasa hakuna kosa lolote, na akaongeza, ingawa hakuombwa, kwamba mchezaji ana mwendo mzuri. Mkewe alimkumbusha kuwa refa hashangilii.

Kurudi ndiko kulikokuwa kugumu. Kupanda kutoka Jichoni ni kwa njia nyembamba ubavuni mwa genge, na mahali pamoja jiwe lilimteleza Bibi Sindano chini ya kiatu. Binti alinyoosha mkono upesi. Kisha akaukumbuka mkono wake, akaurudisha, akautia mfukoni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshika makaa. Mama alijishikiza kwa mwamba, akatulia, akapanda. Moyoni alijisemea kwamba sheria waliyoitunga ilikuwa sheria ya kipumbavu, lakini ndiyo hiyo waliyokuwa nayo.

Walipofika Uwandani ukungu ulikuwa umewatangulia. Kule juu ukungu haubishi hodi. Walipoingia waliona mbele kidogo, na punde hawakuona kitu, mwamba mweupe, hewa nyeupe, na wao watatu katikati kama wadudu ndani ya pamba. Mpaka Rangi aliwaambia wasimame hapo hapo, yeye atatangulia kutafuta alama zake, si ni mkono wake uliozipaka? Wakasikia sauti yake ikienda mbali. Akapaza kwamba ameiona moja. Baada ya muda akapaza tena kwamba samahani, ni jiwe tu.

Mama alitaka kucheka. Ndipo aliposikia pumzi ya binti yake. Ilikuwa fupi na ya juu juu. Alimtazama, akaona amesimama na miguu imebanana, mbele yake ufa, nyuma yake ufa, na ukungu ukimwagika humo kama unanywewa.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Nishike."

"Tulisema mkono ni marufuku."

"Nishike tu, Mama."

Akamshika. Mkono ulikuwa baridi, mkono wa mwanamke anayeamrisha chumba kizima cha watu na mashine. Mama alimvuta polepole akamketisha, naye akaketi ubavuni mwake, goti likilalamika. Akampazia sauti mkwe wake akae alipo na asiendelee kutafuta kitu ambacho hata siku ya jua hakionekani. Marehemu mumewe alikuwa na msemo wake: ukungu ni mgeni asiyelala, ukimkimbia anakufuata, ukikaa kitako anaaga. Basi wakakaa kitako.

Chini yao, mbali sana, mto ulikuwa ukipita. Mtu hausikii kwa masikio, anausikia kwa makalio, kama anavyosikia cherehani ya chumba cha pili.

"Siku ile ya ngazi," binti akasema, hajamwachia mkono. "Nilikuwa nimesimama kati ya mashine, simu iko sikioni. Kila ilipolia usipokee, nilikuwa nasikia kile kiatu. Kinagonga, kinagonga. Halafu kimya."

Bibi Sindano siku zote hizo alidhani binti yake anataka kushinda, kwa kuwa alizaliwa anataka kushinda. Kumbe mtoto wa watu alikuwa bado amesimama kwenye ufa na mguu mmoja mtupu, anangoja kusikia kitu kikifika chini.

"Nilikuwa nimekaa tu," mama akasema. "Nilikuwa naisikia ikilia. Nikasema moyoni, huyo ni binti yangu, na mimi siwezi kumwambia nipo."

Kisha akasema na lile lake, alilokuwa hajalisema: kwamba akiacha kubishiwa hodi atakufa akiwa mzima. Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya zipu. Binti alifuta uso kwa ncha ya ile khanga. Akasema angelijua hilo asingemsumbua na mambo ya magamba ya birika.

Upepo ulipogeuka ukungu uliondoka kwa upande mmoja, kama mtu anayevuta shuka kitandani. Wakaona wameketi hatua chache tu kutoka njiani. Mpaka Rangi naye walimwona, amejikunyata juu ya jiwe, amekumbatia chupa ya chai. Na kwa kuwa ukungu ulikuwa umeulowesha mwamba ukawa wa kijivu, miduara yake ilikuwa imetokea, hafifu lakini imetokea, mmojammoja kuelekea nyumbani. Alisimama akainyooshea kidole.

Ilibaki kuinuka. Goti lilikuwa limeganda, na Bibi Sindano alijaribu kwa fimbo, akashindwa, akajaribu tena. Binti hakuwa ameuachia mkono wake. Akaukaza, akamwinua.

Walisimama. Wote wawili waliiangalia ile mikono, kisha wakamwangalia refa.

"Kuinuka nimesaidiwa," mama akasema. "Sitaki ushindi wa kuiba."

"Mimi ndiye niliyeomba kushikwa kwanza," binti akasema. "Yeye alikuwa anafuata sheria."

Mpaka Rangi alijikuna kichwa. Alimtazama mke wake, akamtazama mama mkwe, na huenda akayafikiria makopo yake. "Refa alikuwa ndani ya ukungu," akasema. "Hakuona kitu. Mchezo unaendelea."

Wakashuka hivyo hivyo, mkono kwa mkono, mpaka lango la mtaa, na hakuna aliyeuliza tena nani amemshika nani.

Neno la kuhama halikutajwa, kama ilivyoahidiwa. Lakini Bibi Sindano naye si mtu wa kupokea bila kurudisha. Kesho yake alimwambia mkwe wake ateremshe kitanda kutoka juu kikae ubavuni mwa cherehani. Godoro lilikwama kwenye ngazi, likamkwamisha na yeye, na kwa muda mrefu yalionekana mapaja yake tu huku mama mkwe akimwelekeza kutoka chini aligeuze pembe, baba, aligeuze pembe. Wakati mkwe akihangaika, Bibi Sindano alikata kipande cha kitambaa kigumu cha mabegi na kukishonea mfuko kwenye aproni yake ya kazi, kifuani, kwa mshono maradufu. Akatia simu humo. Jioni ile ililia, akaipokea kabla haijalia mara ya pili, akasema, "Nipo." Binti alitaka kusikia hilo tu.

Goti lilipopoa walipanda tena, wote watatu. Safari hii Mpaka Rangi alibeba kopo la rangi nyekundu, rangi ya kweli ya mafuta, aliyoitoa katika kile chumba cha makopo, na kamati isijue. Alianza kupaka miduara juu ya miduara yake ya zamani, mwamba ukiwa bado umelowa umande wa asubuhi. Walipofika pale penye ufa, binti alimwomba brashi. Akaipaka alama ya pale mwenyewe, haikuwa ya mviringo sana, na mumewe akajizuia asiirekebishe.

Kisha binti akaiweka brashi, akalala kifudifudi juu ya mwamba wenye jua, akasogea mpaka ukingoni, akatia kichwa ndani. Mama alikuwa ameketi karibu, fimbo mapajani, anapapasa ukosi kuona kama sindano ipo.

"Bado?" akauliza.

Sauti ilijibu kutoka ndani ya jiwe, nzito kidogo kwa mwangwi.

"Bado. Lakini njoo uone kangaga za humu, Mama. Njoo polepole."